Kibati cha Baba Yako Chafika Kaisho

Ndugu yangu Zuhura,

Unisamehe kwa kukaa kimya. Nilitaka kwanza nipate habari ya uhakika. Muuza duka wa Nyabiyonza, kijiji cha huku, mtu wa asili ya kwetu pwani, alizitambua herufi F.K. na namba iliyo kwenye kibati cha uaskari cha marehemu baba yako ulichonipa. Ni za Feldkompanie, yaani kombania ya askari wa Wajerumani, iliyopiga kambi hapa Kaisho.

Basi jana niliingia kwa mjane mmoja jirani na kambi hiyo. Akanipa buni za kahawa za kutafuna, ndiyo heshima ya mgeni huku. Nilidhani ni dawa, nikazikataa. Kisha nikasimama wima, nikazisoma herufi zile kwa sauti ninayowatishia wanafunzi wa nahau. Wanaume wote waliokuwapo uani wakakimbilia migombani! Walidhani nimetumwa kukamata wapagazi, kama enzi za kombania ile.

"Wewe mzee, kaa utafune!" mjane akanikemea. "Ukikataa buni zetu, nani ataamini umekuja kwa amani?"

Nikakaa kama mtoto, nikatafuna. Walipoona taya langu linakwenda wakarudi, wakinicheka waziwazi. Kijana wa mwisho kurudi alikuwa na masikio ya baba yako. Zuhura, ni mdogo wako: mjane yule ndiye mama yake, akaniambia aliolewa na baba yako kambini. Kaburi la baba yako wanalitunza vizuri.

"Dada yangu anajua kuwa nipo?" akaniuliza. Nikamjibu kuwa utajua kwa barua hii.

Nimemwomba ashuke nami pwani. Mama yake hataki. Mungu akutunze, nawe ule vizuri. Kijana akishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Kaka yako, mtoto wa mjomba wako