Kitumbua cha Pili

Manzese,
Jumamosi mchana.

Kaka yangu mpenzi Anwar,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe, wifi na watoto wote hapo Mtwara. Natumai waraka huu utawakuta mna siha njema, na mgongo wako umepoa tangu ulibadilishe lile godoro. Sie huku ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mvua imetupiga wiki nzima, mtaro wa nyuma umefurika mpaka mlangoni kwa jirani, ila biashara ya vitumbua haijalala hata siku moja.

Najua unashangaa, Mwanaasha na barua, siku hizi? Kaka, ningekupigia ungenikata kauli kabla sijafika kati, nakujua. Ningekurekodia sauti, wifi angeisikiliza kabla yako, na hadi magharibi ukoo mzima ungekuwa nayo. Kwa hiyo nampa Talha wa shangazi, anasafiri kesho kuja huko, akutie mkononi mwenyewe. Nakuomba kitu kimoja tu kabla hujaendelea. Ile barua ya malalamiko uliyoiandika juu ya nyumba ya wazee anayokaa mama, usiipeleke popote mpaka umalize kusoma hii.

Uliniuliza nikueleze kwa haki, pale Chamazi ni mahali pazuri au pabaya. Nitakueleza kwa haki. Ni pasafi. Sakafu kavu, vitanda vifupi ili mzee akidondoka asivunjike, lango lina komeo juu kabisa ambapo mtu mwenye maradhi ya kusahau hawezi kupafikiria. Dawa zinatolewa kwa saa, na Mama Felicitas mwenye nyumba ni nesi mstaafu, macho yake yanaona vumbi lililo chini ya kabati. Kasoro zipo. Usiku wanabaki wahudumu wawili kwa wazee kumi na wanne, hilo silipendi. Mlango wa choo kimoja haushiki. Nguo nazo huchanganywa, siku moja nilimkuta mama kavaa sweta la mzee wa kiume, limemfika magotini, na anajiona kapendeza. Lakini usisahau tulikotoka. Hapa kwangu alitoka na kanga moja tu, akaokotwa Barabara ya Morogoro akiulizia basi la kwenda kwa baba yake. Mara nyingine nilimdaka mkono ukiwa unaingia kwenye karai la mafuta yanayochemka. Waliosema tumemtupa mama hawakuwepo siku hizo.

Sasa nije kwa Tusajigwe. Huyo ndiye mhudumu unayetaka ashitakiwe, kwa hiyo umjue. Ni mwanamke wa makamo, Mnyakyusa wa Tukuyu, mnene kidogo, sauti yake ya chini utadhani anaongea na mtoto aliyelala. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha mama, akimsuka, akimlisha. Na mama, kaka, alikuwa akimwita Mwanaasha.

Umesikia? Mwanaasha. Jina langu mie! Mie nikiingia mama ananikaribisha kwa heshima zote, ananiuliza nimetoka wapi, na kama nimeleta mgonjwa. Akishanikaribisha anageuka, anaita Mwanaasha, njoo umpe mgeni maji. Na yule anaitika abee mama, kwa lafudhi yake ile ya milimani! Siku ya kwanza nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Siku ya pili sikulia, nilimfuata nikamuuliza ana haki gani ya kuitikia jina ambalo hakupewa. Alinijibu kwa adabu kwamba akikataa, mama analia na kususa chakula, na akiitika, mama anakula. Jibu lilikuwa zuri, ndiyo maana likanichoma zaidi.

Wivu ulinikaa, kaka, sikufichi. Nilikuwa namtazama anavyompangusa mama mdomo na natamani nimnyang'anye kile kitambaa. Nilinunua doti ya kanga iliyoandikwa Damu nzito kuliko maji, nikaivaa makusudi Jumapili tatu mfululizo, nikawa napita mbele yake na kurudi. Mtu wa pwani angeshanivua nguo kwa maneno. Yeye alinisifia maua. Akaniuliza ni duka gani, amtafutie dada yake. Nilirudi nyumbani nimefura, sijui nimkasirikie nani.

Na kilichonimaliza ni chakula. Wewe unajua, Manzese nzima inakula mkononi mwangu. Madereva, mafundi, walimu, wanapanga foleni kabla jua halijatoka kwa ajili ya vitumbua vya Mwanaasha. Mama yangu mzazi, aliyenifundisha kupima hiliki kwa vidole, nikimpelekea kijiko mdomoni anaubana na kugeuza uso. Akija yule na uji wake usio na chumvi wala sukari, mama anafungua kinywa, anakunywa mpaka tone la mwisho. Nilikuwa nakaa pembeni na mikono yangu mapajani.

Ile Alhamisi ilivyokuwa, nilikusimulia kwenye simu. Mama alipaliwa mchana, akabadilika rangi, wakamkimbiza hospitali, kumbe chakula kimeingia mapafuni, akalazwa siku kumi na moja kwa oksijeni na sindano. Nilikwambia Tusajigwe ndiye aliyekuwa akimlisha. Nilikwambia alimlisha haraka haraka, kwa uzembe, kwa sababu alitaka kwenda kupumzika. Kwa maneno hayo yangu Mama Felicitas alimfukuza kazi, na wewe ukaandika malalamiko yako.

Kaka Anwar, kaa chini kama umesimama.

Pale jikoni kwao, ukutani, pana karatasi kwa kila mzee. Ya mama inasema ale vitu laini tu, kwa sababu ugonjwa umelegeza koo lake na kumeza kunampotea. Nilikuwa nimeelezwa mara mbili, mara ya pili na Tusajigwe mwenyewe. Mie nikasema moyoni, huyu ananifundisha kumlisha mama yangu! Alhamisi ile nilikwenda na vitumbua vitano kwenye kibakuli, nimevifunga na kitambaa, ndani ya mkoba. Nilingoja Tusajigwe aende kuchukua uji. Nikamega cha kwanza, nikampa vipande vidogo vidogo, kwa uangalifu, nakuhakikishia.

Alikula. Kaka, alikula! Alitafuna polepole, akafumba macho, kisha akacheka, akanishika shavu, akaniita Mwanaasha. Akaniambia hiliki leo nimeitia sawa. Miezi minane sikuitwa jina langu na mama yangu. Hapo ningefunga kibakuli changu, ningekwenda nyumbani nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Dar es Salaam. Lakini nilitaka aniite tena. Nilitaka yule akirudi na bakuli lake la uji amkute mama ameshiba mkononi mwangu, na amsikie akiniita mie. Nikatoa cha pili. Na kwa haraka, kwa kuwa nilishasikia kandambili zake kwenye ukumbi, nilimpa kipande kikubwa.

Tusajigwe aliingia, mie nikafunga mkoba. Hakujua, akampa mama kijiko cha kwanza cha uji kwenye kinywa ambacho bado kina kitumbua. Vingine unavijua.

Unavyovijua havitoshi. Jumatatu, siku mama aliporudishwa kutoka hospitali, Mama Felicitas alituita sote chumbani kwake, mie na wahudumu wote. Tusajigwe alieleza kwamba alipomtia mama kidole kinywani kumsafisha njia, alitoa kitu kizito, si uji, na kilinukia hiliki. Akanigeukia, akaniuliza, tena kwa kuniita dada, kama nilimpa mama kitu chochote. Mie, binti wa mama aliyetufundisha kusali, nikasema wallahi sikumpa kitu. Nikarudia mara tatu, mkono kifuani. Mama Felicitas akasema mtu haapi hivi hivi, akamwambia Tusajigwe akafungashe vitu vyake. Tusajigwe hakugombana nami. Alitoka na mfuko mmoja, na alipopita mlangoni kwa mama, mama alimwita Mwanaasha, mara hii hakuitika.

Nilifunga siku tatu nikadhani nimekwisha kulipa kafara. Nilikwenda kwa ustadhi wa msikiti wetu kumuuliza kama inatosha. Akaniuliza kiapo kile kilimdhuru nani. Nikamwambia. Akaniambia ya Mungu nimuombe Mungu, lakini haki ya mja haifutwi kwa njaa yangu, nikaitafute kwa mja mwenyewe. Nilitoka pale nimekasirika, nikijiambia ana maneno makali kwa kijana wa umri ule. Sasa sina tena mtu wa kumkasirikia.

Mama amerudi Chamazi tangu Jumatatu. Halii, ila hali kitu. Amempa uso ukuta. Wamejaribu wahudumu watatu, nimejaribu mie na uji laini nilioupika mwenyewe kama karatasi inavyosema. Anaita Mwanaasha, Mwanaasha, nami nipo hapo nimeshika bakuli, namwambia mama ni mie. Ananitazama, ananiomba radhi, ananiambia anamtaka yule wake. Amekonda mpaka pete ya baba inamvuka kidoleni. Mama Felicitas ananiambia akiendelea hivi siku chache, itakuwa mpira wa puani wa kumlishia, na kwa umri wake hajui kama atauweza.

Basi hili ndilo ninalolitaka kwako. Chana ile barua ya malalamiko. Kesho kutwa asubuhi nakwenda Chamazi, nimemuomba Mama Felicitas awakusanye watu walewale, chumba kilekile. Nitasema mbele yao niliyokuandikia hapa. Wakinipiga marufuku kukanyaga pale, ni haki yao, na itabidi wewe uje badala yangu. Kisha nitakwenda Mbagala anakopanga Tusajigwe, nimuombe radhi, na nimuombe arudi. Sijui kama atakubali. Ningekuwa mie, nisingekubali.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Wivu haujanitoka, kaka. Hata sasa ninapoandika nikimfikiria amekaa kwenye kile kiti, mama amefungua kinywa, anamwita kwa jina langu naye anaitika abee, moyo unaniwaka moto. Nitauchukia mkono ule mpaka nife. Lakini acha aitike. Acha aitwe Mwanaasha yeye. Mama ale tu.

Nisalimie wifi, mwambie ile mikeka nimeipokea na ni mizuri mno. Wabusu watoto wote, hasa kitinda mimba, nasikia ameanza madrasa. Ukishasoma, kama utataka kunitukana, nitukane, nitasikiliza mpaka mwisho. Ila baada ya hapo unijibu, hata kwa neno moja.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, amlinde na mama yetu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaasha