Mama Kwenye Viazi vya Zambarau

Kiamunyi, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Ndugu yangu Kipngeno,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai joto la Doha limepungua, na mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama getini kutwa nzima umepata nafuu. Je, unakula vizuri? Bado mnapika kwa zamu, au Masinde amewachosha wote na omena wake? Sisi huku tupo. Mvua imenyesha, ng'ombe amezaa ndama dume, na paa la jikoni linavuja pale pale ulipoliziba ukatuapia halitavuja tena.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kama za enzi za Baba. Simu ninayo, na nimejaribu. Kila ukipiga najiambia leo nitasema, halafu nikisikia sauti yako mdomo unajisemea wenyewe kwamba tuko salama. Na Mama huwa ameketi karibu, ametega sikio. Kwa hivyo nimempa Yurub, binti wa jirani yetu Dualeh, anayerudi kazini huko keshokutwa, akuletee bahasha hii mkononi mwako.

Kazi yangu ni ile ile, kwa Ubaid, kwenye studio ya picha za pasipoti mjini. Watu wanakuja, nawaambia wainue kidevu, nawapiga picha, wanaenda. Ila Ubaid hajabomoa chumba cha giza cha kuoshea filamu, cha marehemu babake, na humo ndimo ninamopumzika. Mwezi wa nane rafiki yetu Thuo, yule mpiga picha wa harusi, alituletea filamu ya rangi ya majaribio. Akasema kwa Sheng yake kwamba hiyo kitu ni moto, itatutoa ushamba. Si filamu ya kuonyesha dunia ilivyo. Imetengenezwa ivuruge rangi kwa makusudi: kijani kinatoka zambarau, buluu ya mbinguni inaelekea kijani, manjano yanageuka waridi, na nyekundu sijui kwa nini imesamehewa, inabaki nyekundu. Kwa kujaribu, nikaupiga picha mtungi wetu wa maji, ule wa manjano. Ulitoka waridi kama gauni la msimamizi wa bibi harusi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaomba aione tena ile picha.

Siku chache baadaye akaniambia nimpeleke Dundori kwa Wariara, rafiki yake wa siku zile walipouza viazi pamoja sokoni, na nibebe kamera yenye filamu hiyo hiyo. Nilimwambia ile ni filamu ya mchezo, akitaka picha nzuri niweke ya kawaida. Akasema ya kawaida amechoka nayo, anaiona kila siku kwenye kioo. Mama akishasema hivyo unajua hakuna mjadala. Viazi vya Wariara vilikuwa vimechanua. Mama akaingia kati ya matuta akajifunga leso upya, na Wariara akamtania kwamba amesimama kama mke wa chifu anayengoja kupewa maua. Hapo akacheka mpaka macho yakajifumba, nami nikabonyeza.

Nilipoiosha ile filamu nilikaa nayo chumba cha giza muda mrefu. Majani yote ya viazi zambarau, mbingu kijani kama chupa, na Mama katikati, mashavu yamejaa damu. Nilimpelekea nyumbani. Aliishika, akaisogeza dirishani, akasema hii filamu ina akili kuliko madaktari. Akaniagiza nikutumie kwa simu, na nisiandike neno lolote chini yake.

Unakumbuka ulivyojibu. Ulicheka ukauliza siku hizi tunalima nini. Ukasema Mama amenona, amerudi usichana, na sasa moyo wako umetulia. Wiki iliyofuata ukatupigia kusema hutakuja Desemba, kwamba mwisho wa mwezi huu utatia sahihi mkataba wa miaka miwili mingine, ili umjengee nyumba ya mawe akiwa bado na nguvu za kuifurahia. Mama akashukuru Mungu, akakubariki kwenye simu, akaniomba maji ya kunywa. Kisha akaenda kulala, na jua lilikuwa bado juu.

Ndugu yangu, uliuliza kuhusu majani. Hukuuliza kuhusu uso. Filamu haikugeuza viazi peke yake. Mama amekuwa wa manjano tangu mwezi wa saba: macho, viganja, mpaka nyayo. Daktari alituambia ugonjwa ulianzia kwenye kongosho na sasa umeshika ini, na kupasua hakutasaidia. Alisema huenda akafika Krismasi, huenda asifike. Mama alinikataza nisikwambie. Anasema ulishaacha chuo kwa ajili ya ugonjwa wa Baba, na wake hautakutoa kazini. Ndiyo maana ukitaka video, bando letu huwa limeisha. Ile damu uliyoiona mashavuni ni manjano yake yaliyogeuzwa. Alijua atatoka vile. Alijifunza kwa mtungi wa maji.

Usinione mwenye moyo mgumu kwa jinsi ninavyoandika. Nimekufa ganzi. Namwogesha, nampikia uji ambao haunywi, naenda kazini kuwaambia watu wainue kidevu. Sijalia hata mara moja, na hilo ndilo linalonitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Ndani ya bahasha kuna picha mbili. Moja ni ile ya viazi. Nyingine nimeifunga ndani ya karatasi, na nakuomba usiifungue mbele ya wenzako. Nilimpiga picha wiki jana, asubuhi moja, ameketi mlangoni. Kabla sijabonyeza aliniuliza kama ndani ya kamera ni ile filamu ya Thuo. Nikamwambia ndiyo. Akainua uso, akaitazama kamera wazi wazi, kwa macho yote mawili. Haikuwa filamu ya Thuo. Ilikuwa ya kawaida, ile tunayotumia kila siku. Nimemdanganya mama yetu anayekufa, bila hata kupepesa jicho, ili wewe umwone.

Usitie sahihi huo mkataba. Kama umeshatia, omba ruhusa, omba hata kwa magoti, uje. Hasira zako zote njoo nazo, nitazipokea. Lakini nina ombi moja, na ndiyo sababu hasa ya kukutumia hiyo picha. Ukifika hapa Mama hatatazama mizigo yako wala viatu vyako. Atakutazama usoni. Ukishtuka tu, ataacha maumivu yake aanze kukufariji wewe, unamjua, na nguvu za kazi hiyo hana tena.

Wariara anakusalimu sana, na Ubaid pia, anasema umletee udi mzuri. Mama hajakusalimu, maana anadhani natuma picha ya viazi tu, bila barua. Msalimie Masinde.

Iweke ile picha ya mlangoni mahali utakapoiona kila ukiamka. Itazame mpaka uso wako uizoee, ndipo uje ubishe hodi.

Ni mimi dada yako,
Cheptanui