Baba Orpah Ni Nani?

Baba Terry,

Omena iko kwenye sufuria. Ifunike vizuri, paka wa jirani hana adabu. Saa nane umchukue Terry kwa dada yangu Caren. Mimi nimeenda sokoni Magunga. ~~Nitalala kwa mama.~~ Nitarudi jioni.

Asubuhi ukiwa unaoga, simu yako ililia. Mwanamke wa kile kikundi chenu cha wafuga nyuki mtandaoni alikuwa ameandika, "Asante sana Baba Orpah, wewe ni mwalimu." Nilipokuuliza Orpah ni nani, ulicheka: "Ni jina la kujificha tu. Huko mtu hataji mtoto wake."

Hapo nakubali. Tangu mtu tusiyemjua apige simu akimtaja Terry na shule yake, mimi mwenyewe nilikuambia ubadilishe jina. Lakini majina yote duniani yaliisha, likabaki la yule msichana wa Takawiri uliyetaka kumuoa kabla yangu?

Basi na mimi nimejiunga na kikundi leo, kwa jina la kujificha. Sikuambii ni lipi. Mwanamke yeyote akikuuliza habari za asali, mjibu ukijua huenda ni mimi.

Mkeo,
Mama Terry