Mpaka Mgeni Aseme Rudi

Kwako Mama, uliyetangulia,

Nakuandikia nikiwa barazani, kando ya nguzo uliyokuwa ukiegemeza cherehani yako. Chini ya dirisha la jikoni wamepaka msalaba mwekundu wa kubomolewa, kama walivyopaka kwenye nyumba zote za safu yetu. Natakiwa kukabidhi funguo kabla ya mwezi huu kwisha. Kila nikifungua sanduku nipange vyombo, najikuta nimeketi sakafuni, sijapanga kitu. Ulizoea kunitania kwamba huwa nachambua hata chumvi. Basi nimelichambua na hili. Sababu nadhani nimeipata, ila siwezi kuieleza bila kurudi kwenye asubuhi ya Haboba.

Watakaosoma barua hii nawe huenda hawaujui mtaa wetu wa Nsambya. Nyumba hizi za matofali na vigae zilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya watu wa reli, mafundi na makarani wasiokuwa na gari, na aliyezipanga alipima kila kitu kwa mguu wa binadamu. Kanisa na hospitali viko juu ya kilima, soko na kambi ya polisi kando, njia ya reli bondeni, na ng'ambo yake mtaa wa Namuwongo. Mabaraza yanatazamana. Hukuweza kwenda kununua kiberiti bila kuonwa, kusalimiwa na kuulizwa umelalaje. Nilipokuwa chuoni niliiona hali hiyo kuwa bughudha tupu, na sikukuficha.

Ulikuwepo mwiko mmoja uliouheshimu kuliko sheria yoyote ya serikali. Mgeni haondoki peke yake. Mwenyeji humsindikiza, wala hageuki mpaka mgeni mwenyewe amwambie: "Rudi." Kugeuka kabla ya neno hilo ni kumfukuza. Kuendelea baada yake ni kumvunjia heshima, kana kwamba hajui njia au humwamini aendako. Wewe uliyezaliwa Bungoma, majirani zetu Waganda, na Wanubi wa nyumba za chini, mlitofautiana katika mengi, tangu chakula hadi namna ya kuzika. Katika hili mlikuwa kitu kimoja.

Kisha vita vikaisha, serikali ikabadilika, na watu wakaanza kuhesabiana makosa. Haboba Zaituni, tuliyemwita hivyo kwa kuwa ndilo neno la Wanubi la bibi, alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa. Hakuna aliyejua kama yu hai. Vijana wa mtaa waliojiteua walinzi walivunja mlango wa Haboba wakitafuta bunduki ambayo hakuwa nayo, na jioni ile alitujia kwa njia ya nyuma akiwa na kikapu chake cha ukindu na viatu visivyofanana. Baba alikuwa safarini na treni. Tulimlaza chumbani mwangu. Mpwa wake alileta habari kwamba kesho yake lori lingemsubiri Namuwongo, limpeleke kwa ndugu zake Kibera, na kwamba dereva hangesubiri kupita adhuhuri.

Tatizo lilikuwa kivuko cha reli. Vijana walewale walikuwa wameweka gogo pale, na mmoja wao alikuwa na bunduki. Watu wawili walikuwa wamechukuliwa hapo, na hatujawaona tena.

Nilikuwa na mpango. Tukodi gari, Haboba alale kiti cha nyuma, tumfunike mablanketi. Ulinisikiliza hadi mwisho huku ukipiga pasi.

"Umfunike kama muhogo wa wizi?" ukasema. "Mtu aliyefichwa amekwisha kukiri kosa. Haboba ni mgeni wangu. Anaaga, nami namsindikiza."

"Kwa miguu, Mama? Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya nani tena?"

Hadi leo sijathibitisha kwamba mpango wangu ulikuwa mbaya. Huenda gari lingepita. Naandika tu lililotokea.

Ulimvisha Haboba shuka yake ya manjano, ile ya Idi, inayoonekana toka mbali. Mimi nilibeba kikapu. Tulitoka kwa mlango wa mbele, tena ukaanza mwendo wako wa kusindikiza, ule mwendo wa polepole uliokuwa ukinitia wazimu. Kwenye kila baraza ulisimama. "Jamani, Haboba anatuaga." Na kwa kuwa mgeni ameaga, ilibidi aliyeagwa ainuke, avae ndala, atembee naye kidogo. Mke wa fundi wa injini alitoka na mtoto mgongoni.

"Haboba, umetuibia nini hata tukutoe mtaani wote hivi?"

"Nimewaibia usingizi," Haboba akamjibu. Wanawake walicheka, na kicheko hicho kikatusogeza mbele.

Wengine hawakutoka. Niliona pazia likirudishwa, nikasikia komeo. Nilikuwa nikiangalia jua na kulipima dhidi ya lori. Wewe hukuharakisha hata hatua moja.

Baraza la mwisho kabla ya bonde lilikuwa la Mama Nakato. Hapo nilikuomba kwa kunong'ona tupite tu. Kaka yake alichukuliwa na askari wa serikali ile iliyoanguka, jeshi lile lile la mtoto wa Haboba, na maiti yake haikupatikana. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya matoke. Alikuona. Alimwona uliyekuwa naye. Kisu kikasimama.

"Gyebale, nnyabo," ukamsalimu kwa heshima, kwa lugha yake. "Haboba anaaga."

Hakuitika. Alichohitaji Mama Nakato ili kulipiza kilikuwa sauti tu. Angepaza sauti, vijana wa kivukoni wangesikia. Haboba aliinamisha kichwa. Wewe ulibaki umesimama, mikono umeikunja mbele, kama mtu aliyekuja kuomba moto wa jikoni.

Mama Nakato aliweka kisu chini. Akajifuta mikono kwa jani la mgomba, akashuka ngazi, akaja kusimama ubavuni mwako, wala hakumtazama Haboba.

"Mimi sisindikize yeye," alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi nasindikiza wewe."

Ndivyo tulivyofika kivukoni. Na hapo ndipo adabu nusura ituangamize. Hatua chache kabla ya gogo, Haboba alisimama. Alikuwa ametembea maisha yake yote kwa kanuni moja, na hofu haikumsahaulisha. Labda ilimkumbusha zaidi. Alikugeukia, akakushika mkono, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mwanangu, umefika mbali. Rudi."

Wanawake wote walisimama. Kadhalika wewe. Neno lilikuwa limetoka, nao walisubiri ugeuke ili wageuke. Yule wa bunduki aliuona mwanya.

"Eee, hiyo mzee sasa akuje peke yake," akasema. "Huyo ni mama ya asikari. Nyinyi wamama muludi."

Nakumbuka uso wako, Mama. Haukuwa na ujasiri wowote. Ulikuwa na aibu, aibu ya mtu anayekaribia kutenda jambo lisilotendwa.

"Sirudi, Haboba," ukasema. "Nisamehe." Kisha ukamwambia kijana: "Huyu ni mgeni wangu."

"Mgeni anatoka wapi?"

"Anatoka kwangu."

Kijana alimtazama Mama Nakato; alimjua, na alijua alichopoteza. "Nnyabo, na wewe? Na huyu?"

"Gogo lako nzito?" Mama Nakato akamuuliza. "Ama tukusaidie kuinua?"

Mwenzake alicheka kwanza. Kisha akaliinua mwenyewe. Tulivuka reli kundi zima, na hatukusimama mpaka Haboba alipopanda lori.

Sasa njia ile imekatwa na ukuta wa mabati. Majirani wengi wamekwisha hama, na waliobaki huchukuliwa na bodaboda mlangoni na kushushwa mlangoni. Sijui ni nani anayeumwa.

Nawe, siku yako ya mwisho, uliondoka ukiwa umelazwa ndani ya gari la wagonjwa, umefunikwa. Nilifuata nyuma katika foleni ya magari hadi hospitali ya Mulago, na nilipofika kitandani ulikuwa umekwisha nyamaza milele, bila kuniaga. Hiyo ndiyo sababu niliyoipata ya kushindwa kupanga vyombo. Huwa natoka barazani asubuhi, nashuka taratibu, nasimama mbele ya baraza lililofungwa la Mama Nakato, kisha naendelea mpaka mabati yanizuie. Mlinzi ameshazoea. Jana aliniuliza, "Mama, kila siku unasindikiza nani?"

Funguo nitazikabidhi. Nyumba si yangu, na sitajidai vinginevyo. Lakini wewe uliambiwa "rudi" ukakataa, mimi sijaambiwa.

Ni mimi bintiyo, niliyebeba kikapu.