Picha Uliyoiita Mama

Mbeya,
14 Juni, 1959

Kwa mjukuu wangu Juliana,

Kabla sijakusalimu nataka ujue kwamba nimekuficha jambo kwa miaka minane, nalo linahusu ile picha ya mama yako unayoitunza ndani ya kitabu cha sala. Nimelitanguliza ili nisije nikachoka katikati ya salamu nikaliacha, kama nilivyoliacha katika barua zote zilizopita.

Sasa nakusalimu. Hujambo, mama? Masomo ya ualimu yanakwendaje, na baridi ya Iringa mnaivumiliaje? Bibi yako Marta bado anaota moto jikoni na kugombana na kuku? Huku kwetu Juni imeingia na ukungu wake, hata saa nne asubuhi mlima Loleza hauonekani. Mimi sijambo, kwa namna mtu wa umri wangu anavyoweza kusema hajambo. Miguu imevimba, kifua kinanibana, na daktari ameacha kunieleza habari zangu, anamweleza binti yangu Rukia nje ya mlango. Rukia ndiye aliyenisogezea meza kitandani, na ndiye anayelalamika kuwa mtu anayeishiwa pumzi hana haja ya barua ndefu. Naandika mistari mitano, napumzika, kisha mingine mitano. Usishangae ukiona mwandiko unabadilika.

Barua yako ya Mei niliipokea. Nimefurahi kusikia kuwa Danieli amekubaliwa kwenu na kwamba harusi itakuwa baada ya mavuno. Kisha nikasoma kwamba kabla ya harusi utakwenda Usangu, kwa ndugu za mama yako ambao hawajapata kukutia machoni, ukamwombe mjomba wako Bushiri aje akusimamie, maana binti haolewi kama hana mjomba. Ukaandika kuwa hawatakufahamu, lakini utawaonyesha picha ya dada yao na maneno yatakwisha. Hapo nikaiweka barua chini, na chakula cha siku ile Rukia alikirudisha jikoni kama alivyokileta. Juliana, usiende na picha ile. Ukiitoa mbele ya Bushiri atakuuliza huyu mwanamke ni nani, na utakuwa umejitia katika uongo uliotungwa na mimi.

Nilipostaafu ualimu, mpima ardhi mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao aliniachia kamera ndogo ya kukunja, inayoingia mfuko wa koti, pamoja na taa yake. Taa hiyo ilikuwa na sahani ya kung'aa, na katikati ya sahani unachomeka globu ndogo ambayo huwaka mara moja tu, kufumba na kufumbua, kisha inakufa na kuwa kama jicho la samaki aliyechemshwa. Globu moja, picha moja. Nilikuwa mzee wa miaka sitini na tano na nikawa kama mtoto. Nilimpiga Rukia picha akipika, kwa karibu mno, akatoka mweupe kama karatasi. Alipoiona akauliza kama ndivyo atakavyokuwa siku ya kuoshwa. Nikajifunza kurudi nyuma hatua nne. Nikajifunza kufunga leso juu ya sahani ili mwanga usimchome mtu usoni. Nilimpiga Marcelino fundi cherehani akiwa kazini katika duka lake lisilo na dirisha, naye akawatangazia jirani kuwa Mwalimu Zubery ameacha kuchapa watoto, sasa anawachapa watu wazima kwa umeme. Kila nilipokwenda safari, kamera ilikuwa mfukoni. Nilipiga makuli, madereva, maharusi, mbuzi juu ya basi. Nadhani nilipenda ile taa kuliko hata picha zenyewe. Watu waliponyamaza wakiingojea, nilijiona mtu mkubwa.

Mama yako wakati huo alikuwa bado kambini, kule mbele ya Chimala, ambako alipelekwa kwa ugonjwa wa ukoma wewe ukiwa ndiyo kwanza unaanza kutembea. Baba yako Silvester, aliyekuwa mwanafunzi wangu kabla ya kuwa mwalimu mwenzangu, alikuwa akimtembelea mara mbili kwa mwaka. Alipofariki, kazi hiyo niliirithi mimi. Ndugu zake wa Usangu walikuwa wamemkata tangu alipoacha dini yao akabatizwa na kuolewa na Silvester. Na walipopata habari za ugonjwa wakasema Mungu amejibu. Huko nyuma alikuwa Jaha. Hilo ndilo jina utakalomtajia Bushiri, wala usimtaje Rozalia, jina la ubatizo.

Mwezi wa Septemba 1951 alinitumia habari kwa mkono wa mganga wa kambi. Alikuwa amesikia kuwa nina kamera. Alisema anajiona anapungua, na hana kitu cha kumwachia mtoto, basi niende nikamtoe picha ili umjue aliyekuzaa. Akaniomba nimpige upande wa kushoto. Wewe ulijua jina la ugonjwa wake, ila hukuambiwa ulikuwa umefika wapi. Upande wa kulia ulikuwa umeondoka: sikio, nyusi, na pembe ya mdomo.

Nilipanda basi. Chimala basi likasimama kwa muda mrefu, nami nikashuka kunyoosha miguu kati ya wauza mchele. Palikuwa na mwanamke mmoja, Damari, amekaa nyuma ya magunia, amejitanda kanga hadi kwenye paji la uso kujikinga na jua, na chini ya ule ukingo wa kanga uso ulikuwa katika kivuli kizito. Nilikuwa nimesoma katika kijitabu kwamba taa inaweza kuwashwa hata saa sita mchana, ikafukuza kivuli cha usoni. Nilitaka sana kuona kama ni kweli. Nikamwomba, akakubali, nikachomeka globu, na alipoiona akaniambia kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, "Mwalimu, jua lote hili bado halikutoshi?" Watu wakacheka. Alikuwa bado anaikunja midomo kuzuia kicheko chake mwenyewe nilipofyatua.

Ndiyo picha bora niliyopata kuipiga maishani mwangu. Ndiyo hiyo uliyo nayo.

Nilifika kambini alasiri. Mama yako hakutaka kutoka nje mbele za watu, kwa hiyo nilimpiga ndani ya kibanda kwa taa. Picha haikutoka. Majuma matatu baadaye akafariki. Kisha bibi yako Marta, mama yake Silvester, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu na asingeweza kumtambua mtu yeyote pichani, akamwandikisha katekista barua kuniuliza iko wapi ile picha, maana mtoto anaiulizia kila siku. Nikamtumia Damari wa Chimala. Nilijiambia ni mpaka mtoto atulie, nitaeleza baadaye. Ukanijibu kwa mkono wako, una miaka kumi na mmoja, kwamba unamshukuru Mungu kuwa ugonjwa haukumfika mama usoni, na kwamba pua umeichukua kwake. Barua hiyo ninayo hapa chini ya godoro. Baada ya kuisoma, ningeelezaje?

Kamera sijaishika tangu mwaka ule. Rukia anadhani ni macho.

Sikiliza sasa, nikupe kilicho cha kweli, kidogo kilichobaki kwangu. Mama yako alikuwa mrefu, na alipokaa alikunja mguu mmoja chini yake kama anayetaka kuinuka wakati wowote. Meno ya mbele yalikuwa na mwanya, na alipocheka aliufunika kwa ulimi, si kwa mkono. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu. Alinieleza kuwa Bushiri alimwangushia mchi walipokuwa watoto, na mama yao akamchapa yeye, Jaha, kwa sababu ya kusimama karibu na kinu. Alikuwa bado na hasira ya fimbo zile. Alikuwa mbishi. Wenzake kambini walimwita Wakili. Pua yako si yake, ni ya Silvester; lakini unapobisha katika barua zako, namsikia. Nenda Usangu na mambo haya. Mwulize Bushiri habari za mchi. Siwezi kukuahidi atakupokea, ila ninajua hakuna mwingine aliye hai anayejua ni nani aliyechapwa siku ile. Rukia ameahidi atafuatana nawe, maana mimi safari zangu zimebaki za kutoka kitandani kwenda mlangoni.

Nisalimie bibi yako Marta, na umwambie kuwa uongo ule hakuujua wala hakushiriki. Nisalimie Danieli, ingawa sijamwona. Mwambie aniwie radhi kwa kumpa mchumba mwenye huzuni kabla ya harusi. Wasalimu walimu wako na wote wanaoniulizia. Rukia anakusalimu, na Marcelino pia, ambaye bado yu hai na bado ana maneno mengi. Mungu akulinde njiani na nyumbani.

Hapo nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, jana. Leo asubuhi nimemwomba Rukia anirudishie barua kabla hajaipeleka posta, nami nimeifuta sahihi, kama unavyoona.

Nimekuandikia hapo juu kuwa picha ya mama yako haikutoka. Ukisoma utadhani mashine ilinikosea, au mwanga haukutosha. Hata katika barua ya kukiri nimetafuta pa kujificha.

Filamu yangu ilikuwa ya picha kumi na mbili. Nilipoondoka Mbeya ilikuwa imebaki moja, na nilikuwa nimeiweka kwa ajili yake. Ile moja nilimpa Damari sokoni, kwa kutaka kuona tu kivuli kinavyokimbia, na wakati basi linaondoka nilikuwa bado natabasamu. Chimala hapakuuzwa filamu, wala kambini. Njia nzima ya miguu kutoka barabarani nilijiambia nitamweleza ukweli na nitarudi mwezi ujao.

Lakini nilipofika alikuwa amekwisha kuoga. Alikuwa ameazima kanga ya mgonjwa mwenzake, mpya, na amepakwa mafuta. Alikuwa amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi, upande wa kushoto wa uso ameuelekeza mlangoni, na wanawake wawili walikuwa wakimwambia asiongee asije akajikunja. Kwa mara ya kwanza hakubishana na mtu. Nilimtazama, nikashindwa. Nikatoa kamera. Nikafunga leso juu ya sahani, nikarudi nyuma hatua nne, nikahesabu kwa sauti kama nilivyozoea, na kamera haikuwa na nafasi hata moja ndani yake, nami nilijua. Globu ikawaka. Wale wanawake wakashtuka, wakacheka. Yeye hakupepesa.

Kisha akaniuliza, bila kugeuza shingo, "Mwalimu, nimeingia?"

Nikamwambia, "Umeingia."

Babu yako,
Zubery