Radi na Waya wa Kompyuta

Jumanne, mvua bado inanyesha.

Sasa mimi ningejuaje? Mjukuu wangu Neema aliunganisha kompyuta yake mpya na ile kuukuu ya marehemu mama yake kwa waya, picha zihamie. Akaenda dukani. Radi ikapiga. Humu ndani radi ikipiga tunafunika kioo na kuchomoa kila kitu. Nikachomoa.

Ile kuukuu haiwaki tena.

"Bibi, zilibaki kidogo tu!"

"Ulitaka tuungue?"

Zilizohamia tumezitazama zote. Harusi za watu, mbuzi, lori la mjomba wake. Mama yake hayumo hata katika moja, na Neema hana picha nyingine.

Fundi wa Vwawa kasema tuipeleke kesho, lakini hakuahidi kitu.

Neema kagoma kula. Nilimfuata chumbani kumwambia nimekosa, nikajikuta namgombeza kwa kuacha ugali upoe.