Sahani ya Mama Rukia

Jumatatu, 3 Machi

Darasa la mtandaoni saa kumi na moja jioni kama kawaida. Feni imezima tena. Jasho linadondokea kibodi. Mwalimu wetu yuko nchi ya baridi, na dirishani nyuma yake theluji inaanguka polepole. Nimeshindwa kuandika kwa kuitazama. Ndege ikapita juu ya paa kwenda kutua, nikazima kipaza sauti. Hata hakukunja uso. Ameshazoea ndege za huku kwetu Chaani, yule mama.

Somo la leo ni zawadi. Akauliza: ni lini zawadi inaacha kuwa zawadi? Watu wa kila pembe ya dunia, hakuna aliyenyoosha mkono. Nilianza masomo haya ya mtandaoni, cheti cha uzamili cha maadili na uzingatiaji wa kanuni, ili nipandishwe cheo pale ghala la chai. Siku hizi cheo nakisahau.

Adhana ya magharibi, sahani ikaja juu ya ukuta. Kaimati! Mama Rukia, jirani wa upande wa pili, huniletea futari kila Ramadhani, mimi Mtaita wa kanisani nisiyefunga. Sahani ni ileile, ya udongo, ya maua ya buluu. Kesho nitairudisha na ndizi mbivu. Huku kwetu hakuna anayemrudishia jirani sahani tupu.

Alhamisi, 6 Machi

Bahasha za tenda zimefunguliwa. Malori ya kubeba chai kutoka ghalani hadi bandarini. Mimi ni mmoja wa wanakamati. Jina la tatu: Baba Rukia. Sikujua kama ameomba.

Mwaka niliohamia Chaani niliugua malaria. Sina ndugu mjini hapa. Mkewe ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko, siku nzima, akinitania kwamba Wataita hawajui kuugua. Nikimkosa yeye sina wa kumwita dada.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Bwana Kazungu, mkuu wa idara yetu ya ununuzi. Akacheka. Akasema Chaani yote ni majirani, kamati tutaitoa wapi? Nimejitoa hata hivyo. Nilidhani yameisha.

Hayajaisha. Kanuni ya ghala inasema mtu yeyote wa idara ya ununuzi asipokee kitu kutoka kwa mwombaji wala kutoka nyumbani kwake, mpaka mshindi atangazwe. Kitu chochote. Kanuni hiyo niliichapa mimi mwenyewe. Nilipokuwa naichapa niliwaza saa za dhahabu na bahasha nene. Futari haikunijia akilini.

Jumamosi, 8 Machi

Sahani imekuja. Mihogo ya nazi, bado inatoa mvuke. Nikapokea, nikasema asante. Mwoga mkubwa mimi. Nikampelekea mlinzi wa ploti, akala akalamba vidole. Nikaiosha sahani, nikaiweka ukutani tupu. Nilidhani ataelewa bila mimi kufungua kinywa.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna sahani.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna sahani, hakuna utani. Asubuhi nilimkuta akianika nguo, nikamwamkia. Akajibu kama anavyomjibu mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Najichukia.

Jioni nilieleza kisa darasani, bila majina. Mwalimu akavua miwani. Akaniuliza swali moja tu: huyo jirani ameambiwa? Nikasema bado. Akasema basi kilichomuumiza si kanuni.

Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Chaani, kaona mpaka ndani ya nyumba yangu. Sijui watu wa namna hii wanasomea wapi. Halafu nikakumbuka kwamba hayo ndiyo ninayoyasomea.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda. Nilipiga hodi mlango wa mbele kama mgeni. Mama Rukia alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi. Nikamweleza yote. Tenda, kamati, kanuni, na kwamba niliichapa mimi. Hakuinua kichwa.

"Kwani mie nanunua tenda kwa kaimati?"

"Sivyo, dada. Ni asije mtu akapata la kusema."

"Na weye waniwekea sahani tupu ukutani, watu wote waona! Wallahi hata sikulala. Nikawaza, nimemkosea nini Wakio? Si ungesema, mdogo wangu?"

Nikamwomba radhi. Akaendelea kukuna nazi. Nikasubiri, nikaona aibu, nikatoka. Sijui kama nimesamehewa.

Ijumaa, 14 Machi

Magharibi. Kitu kimegota ukutani. Nikatoka mbio. Sahani ya maua ya buluu, imefunikwa kawa jipya la ukindu, lile analofunikia chakula cha wageni. Kumbe hakunielewa. Nitairudishaje tena bila kumuua?

Nikafunua. Tupu. Imesuguliwa mpaka inang'aa.

Nikadhani ananilipizia. Nikaanza kulia palepale, kawa mkononi. Kisha sauti yake upande wa pili.

"Futari yako ndiyo hiyo, mpaka wakubwa zako wamalize mambo yao. Mie sahani yangu siwezi kuifungia kabatini Ramadhani nzima. Kesho unirudishie. Na kawa langu usilitie maji!"

Nimekaa sakafuni jikoni. Kanuni ameishika, na mimi hajaniacha. Mimi nimelipia masomo, nimesoma kurasa hata macho yakaniuma, na jambo hili halikunipitia kichwani. Hakunisuta wala nini. Ameipitisha sahani tu.

Nimelifuta kawa kwa kitambaa kikavu.

Jumanne, 18 Machi

Sahani inakuja tupu, inarudi tupu. Leo yeye, kesho mimi. Kawa juu kila mara. Utani umerudi: ananiuliza kama chumvi ilitosha. Mlinzi ametuuliza kama tumerogwa.

Nimemwuliza Bwana Kazungu kama sahani tupu nayo ni zawadi ya kutangazwa ofisini. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani kila siku?" Kila siku, nikamwambia. Hajanijibu mpaka sasa.

Kazi ya mwisho ya somo nimeiandika juu ya sahani hiyo. Sikuhitaji kitabu.

Ijumaa, 28 Machi

Mshindi ametangazwa. Si Baba Rukia. Malori yake yamechoka, kila mtu anajua. Kama nisingejitoa ningempa alama ngapi? Afadhali sikulazimika kujua.

Jioni nilimwona akitoka msikitini. Alininyooshea mkono kwa mbali, akapita. Sahani iko kwangu, zamu ni yangu. Naogopa kuliko siku ile ya sahani tupu ya kwanza. Sasa hakuna kanuni ya kujifichia. Mama Rukia akinikataa, amenikataa mimi.

Jumamosi, 29 Machi

Sijairudisha. Nimeiosha mara mbili, na haikuwa chafu.

Jumapili, 30 Machi

Kazi yangu imesahihishwa. Nimefaulu. Chini yake mwalimu ameandika kwamba somo la zawadi amelifundisha miaka mingi, na sahani hii hajui aiweke upande upi. Anaomba ruhusa awaulize wanafunzi wa muhula ujao. Nimesoma mpaka herufi zikaanza kucheza. Mama Rukia na sahani yake, kule kwenye theluji! Watu wazima watakaa kimya wakimfikiria, na yeye yuko hapa anagombana na muuza mkaa.

Mwezi umeandama. Watoto wanapiga kelele njia nzima. Nimeloweka maharagwe.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimeamka mapema nikapika kimanga, mihogo na maharagwe, nikaponda kama anavyoponda mama kule Taita. Kimeungua kidogo chini. Nikaijaza sahani, nikaifunika kawa, nikaiweka ukutani na kumwita.

Mama Rukia akaja, hina mikononi, nguo mpya. Akainyanyua kwa mkono mmoja kama tulivyozoea, ikamlemea. Akaishika kwa miwili. Hakufunua.

"Kumbe ina uzito," akasema, akaingia nayo ndani.

Nimebaki ukutani. Nimemsikia Baba Rukia akiuliza hiki ni chakula gani, na mkewe akimwambia ale aache maswali. Kisha vijiko. Sahani iko kwao.